Tumeshinda, mbona tumeshuka?

SWALI: Mimi mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu. Mwanangu kashikwa na mpira wao wa vyuo, ule wa Kimarekani. Jumamosi nyumba nzima haipumui. Nami nimeanza kuufuata. Lakini hiyo orodha ya timu 25 inayotoka kila wiki imenishinda. Timu inashinda Jumamosi, Jumapili imeshuka nafasi. Nyingine haikucheza kabisa, imepanda. Ni nani anayepanga? Na kwa nini wasihesabu pointi kama ligi yoyote yenye akili timamu?

JIBU: Dada, nianze na neno ambalo mwanao huenda asilipende: huo si msimamo wa ligi. Ni kura ya maoni. Waandishi wa habari za michezo wapatao sitini, waliotawanyika majimbo mbalimbali, kila mmoja anaandika timu 25 anazoziona bora, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Shirika la habari la Associated Press, wenyewe huliita AP, linazijumlisha na kutoa orodha Jumapili saa nane mchana kwa saa zenu za Ohio. Kwa waliobaki Tanga ni saa tatu usiku, na Novemba mkisharudisha saa zenu nyuma inakuwa saa nne. Hakuna pointi tatu za kushinda humo. Watu wameulizwa "unaonaje?", nao wamesema wanavyoona.

Sasa hilo la akili timamu. Sisi tumelelewa na ligi ambayo kila timu hukutana na kila timu, nyumbani na ugenini, na mwisho wa msimu jedwali linasema lenyewe. Kule daraja la juu la mpira wa vyuo lilikuwa na timu 134 msimu wa 2024, na kila moja hucheza mechi 12 tu kabla ya mechi za mwisho wa msimu. Ukitaka kila timu ikutane na kila timu mara moja tu, ni mechi 133 kwa kila moja. Kwa mwendo wa mechi moja kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miaka miwili na nusu bila mapumziko, katika mchezo ambao wiki moja haitoshi kuponya mbavu. Kwa hiyo wamejigawa katika vyama vya vyuo wanavyoviita konferensi, na mechi nyingi huchezwa humo humo. Matokeo yake, timu mbili zinaweza kumaliza msimu bila kufungwa, na zisiwe na hata mpinzani mmoja waliyekutana naye wote wawili. Huyu kawapiga vigogo, yule kawapiga dagaa. Kumi na mbili za huyu na kumi na mbili za yule si kitu kimoja, na hapo ndipo mtu anaitwa apime kwa macho yake.

Ila usidhani kura hii ilizaliwa kwa ajili ya kutafuta haki. Ilizaliwa kwa ajili ya kuuza magazeti. Mwaka 1935 mhariri wa michezo wa AP, Alan J. Gould, alipanga orodha yake peke yake na kuweka timu tatu sawasawa kileleni: Minnesota, Princeton na Southern Methodist. Watu wa Minnesota walimjia juu, kwamba vipi wachanganywe na wengine. Gould hakukasirika. Aliona kwamba ugomvi ule ulikuwa umejaza kurasa zake siku ambazo hakuna mechi. Msimu uliofuata, 1936, akawapa kura waandishi wengine ili lawama zigawanywe, na orodha ikawa ya kila wiki.

Na msimu ule ule wa kwanza kura ilionyesha tabia yake. Minnesota walikuwa kileleni. Siku ya mwisho ya Oktoba wakafungwa 6 kwa 0 na Northwestern, na Northwestern wakachukua nafasi ya kwanza. Mechi ya mwisho ya Northwestern, Notre Dame wakawachapa 26 kwa 6. Mwishowe bingwa wa kura akatangazwa Minnesota, yule yule aliyekuwa kafungwa na Northwestern. Walichowazidi wenzao ni kwamba wao walifungwa mapema, na hadi Novemba inaisha kidonda kilikuwa kimekauka. Mpaka leo, dada, ukiwa lazima ufungwe, fungwa Septemba.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Timu uliyoiandika ya kwanza inapata pointi 25, ya pili 24, hivyo hivyo mpaka ya 25 inayopata moja. Zote zinajumlishwa. Lakini hapo hapo kuna mtego unaowachanganya wengi. Chukua wapiga kura 60. Watu 31 wameandika timu A ya kwanza, B ya pili, C ya tatu. Waliobaki 29 wameandika B ya kwanza, C ya pili, A ya tatu. A ana kura nyingi zaidi za nafasi ya kwanza, sivyo? Jumlisha: A anapata 775 na 667, jumla 1,442. B anapata 725 na 744, jumla 1,469. B ndiye kinara, kwa pointi 27, ingawa walio wengi wamemwandika wa pili. Kura hii humpenda asiyechukiwa na mtu kuliko anayependwa sana na nusu ya watu.

Sasa swali lako la kushinda na kushuka. Mfano mzuri ni wa Septemba 2024. Georgia walikuwa nambari moja. Jumamosi wakaenda Kentucky wakashinda 13 kwa 12, ushindi wa kutokwa jasho la damu. Siku hiyo hiyo Texas, nambari mbili, wakiwa kwao waliwapiga UTSA, chuo cha San Antonio, 56 kwa 7. Jumapili saa nane mchana: Texas wa kwanza, Georgia wa pili. Georgia hawakufungwa na mtu. Walichofanya ni kushinda kwa namna iliyowatia watu shaka, na jirani yao akashinda bila shaka yoyote. Nafasi ni ya kulinganisha. Ukisimama palepale na mwenzako akapiga hatua, wewe umerudi nyuma.

Na anayepanda bila kucheza? Huyo ni kinyume chake. Yuko wa tisa, ana wiki ya mapumziko, amelala. Wa sita na wa nane wamefungwa Jumamosi, wakateremshwa hadi 14 huko. Jumapili anaamka wa saba. Hana alilofanya. Foleni imepungua mbele yake, basi, kama kwenye dirisha la benki.

Kuna jambo moja ambalo mimi huliona kasoro kubwa kuliko zote, na sitalificha: orodha ya kabla ya msimu. Tangu 1950 AP hutoa orodha mwezi Agosti, kabla mpira haujarushwa hata mara moja. Watu wanapanga kwa sifa za mwaka jana, majina ya makocha, na wachezaji waliosajiliwa. Kisha msimu ukianza hawaipangi upya kutoka sifuri. Wanaichukua ya wiki iliyopita na kuisogeza: aliyefungwa ashuke, aliyeshinda abaki au apande kidogo. Kwa hiyo mahali ulipoanzia pana uzito hata Desemba. Waulize Auburn wa 2004. Agosti walipangwa wa 17. USC, yaani Southern California, walipangwa wa kwanza, Oklahoma wa pili. Timu zote tatu zikashinda kila mechi. Auburn wakapanda, wakapanda, wakafika wa tatu, na hapo ngazi ikaishia, kwa sababu waliokuwa juu yao hawakuteleza, na mechi ya ubingwa ilikuwa ya timu mbili tu. USC wakawararua Oklahoma 55 kwa 19, na Auburn wakaachwa na rekodi yao safi na maswali yao. Utaniambia USC ndio walikuwa bora kweli. Huenda. Lakini Auburn walianza mbio hatua kumi na tano nyuma ya Oklahoma, na mstari wa kuanzia ulichorwa na watu waliokuwa bado hawajaona kitu.

Watu hao hukosea, tena vibaya. Agosti 2024 Florida State walipangwa wa kumi nchi nzima. Walimaliza msimu wakiwa wameshinda mechi mbili na kufungwa kumi.

Nisiwalaumu mno, maana nilijaribu kazi hiyo mwenyewe. Msimu mmoja nilijipa zoezi la kujaza kura yangu kila Jumapili alfajiri, hapa Dar, mechi za usiku za kwenu zikiwa ndiyo kwanza zinaisha. Nilikata vipande vya karatasi kama arobaini, kila kimoja na jina la timu, nikavitandaza sakafuni. Sita za juu zilijipanga zenyewe kabla kahawa haijapoa. Kufikia ya kumi na tano nilikuwa nimeanza kukuna kichwa. Zile za mkiani nilizipanga kwa kukumbuka tu nilivyozipanga wiki iliyopita. Siku moja feni ikapeperusha vipande. Nikaviokota nikapanga upya, kisha nikalinganisha na picha niliyokuwa nimepiga kwa simu: nafasi ya 19 hadi ya 25 zilikuwa tofauti kabisa, na sikuweza kusema mpangilio upi ulikuwa sahihi zaidi. Tangu siku hiyo, mtu akinipigia kelele kwamba timu yake imewekwa ya 23 badala ya 21, namkumbuka yule feni.

Hapo zamani kura hii ilikuwa na meno. Hapakuwa na fainali. Mwisho wa msimu timu kubwa zilialikwa kwenye mechi za sherehe zinazoitwa Bowl, kama Rose Bowl ya Pasadena, lakini hakuna kilicholazimisha wa kwanza akutane na wa pili. Bingwa alikuwa ni yule waliyemwandika waandishi, basi. Na tangu 1950 kukawa na kura ya pili, ya makocha, iliyoendeshwa na shirika la United Press lililokuwa likishindana na AP. Kura mbili, mabingwa wawili: imetokea mara kadhaa. Mwaka 1990 waandishi walimpa Colorado, makocha wakampa Georgia Tech. Mwaka 1997 waandishi Michigan, makocha Nebraska. Vyuo vyote vinne vinajitapa kwa ubingwa huo hadi kesho.

Kura ilifika hata mahali pa kuamua jinsi mchezo unavyochezwa uwanjani. Novemba 1966 Notre Dame, nambari moja, walikwenda kucheza na Michigan State, nambari mbili. Enzi hizo sare ilikuwepo, ilifutwa 1996. Zikiwa zimebaki dakika moja na ushei, 10 kwa 10, Notre Dame wakiwa na mpira, kocha wao Ara Parseghian hakuutafuta ushindi. Aliwaacha vijana wakimbie na mpira kifuani mpaka saa iishe, asije akapoteza mpira na kufungwa. Wenyeji walizomea. Yeye alikuwa amepiga hesabu zake: kwa sare ugenini, waandishi hawatanitoa kileleni. Hawakumtoa. Na Alabama, waliokuwa wameshinda mechi zao zote mwaka ule, wakamaliza wa tatu.

Makocha nao walijiaibisha. Kura yao ya mwisho ilikuwa ikipigwa kabla ya mechi za Bowl. Msimu wa 1973 walimtawaza Alabama, kisha mkesha wa mwaka mpya bingwa huyo akafungwa 24 kwa 23 na Notre Dame. Msimu uliofuata wakaihamishia kura yao ya mwisho baada ya Bowl. Kura ya makocha bado ipo, siku hizi chini ya gazeti la USA Today, na mwanao ataikuta imechapishwa pembeni ya ile ya AP. Mimi siiweki kwenye mizani moja. Kocha Jumamosi ana mechi yake. Hao wengine 24 aliwaona saa ngapi? Tena ana timu yake mwenyewe humo, ana wapinzani wake, na mikataba ya makocha wengi ina donge la pesa timu ikimaliza juu. Angalau kura ya kila mwandishi wa AP huwekwa hadharani kila wiki, na akiandika upuuzi mashabiki wanamwamshia simu.

Kuanzia 1998 waliunda mfumo wa BCS, uliochanganya kura na hesabu za kompyuta ili wapatikane wawili wa fainali. Mwaka 2003 USC walikuwa wa kwanza katika kura zote mbili, lakini kompyuta zikawatupa wa tatu na fainali wakacheza LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, na Oklahoma. LSU wakashinda. Waandishi wa AP wakagoma kumfuata kompyuta na kumtangaza USC bingwa wao. Msimu uliofuata, makocha wakiwa wanawabembeleza wapiga kura hadharani na mashabiki wakiwamiminia barua pepe za matusi, AP ilichoka. Desemba 2004 ikawaambia BCS waache kutumia kura yake. Tangu hapo orodha ya AP haimwingizi mtu popote.

Hilo ndilo jambo ambalo mashabiki wengi, hata waliozaliwa huko, hulisahau. Anayeamua nani aingie kwenye mchujo wa ubingwa ni kamati ya watu 13, iliyoanza kazi 2014, ambayo hutoa orodha yake yenyewe Jumanne usiku kuanzia Novemba. Utaona hata namba ndogo inayowekwa mbele ya jina la timu kwenye televisheni inabadilika: mwanzo wa msimu ni ya AP, kamati ikishaanza kuongea inakuwa ya kamati. Na hawalazimiki kukubaliana. Desemba 2023 Florida State walikuwa wameshinda mechi zote 13, na waandishi waliwaweka wa nne. Nafasi za mchujo zilikuwa nne. Lakini mrusha mpira wao mkuu, Jordan Travis, alikuwa amevunjika mguu, na kamati ikasema bila yeye timu si ile. Ikamchukua Alabama aliyekuwa amefungwa mara moja. Kule kwao Tallahassee mpaka leo usilitaje jambo hilo mezani.

Tangu 2024 mchujo una timu 12, na hapo presha ya orodha imepungua sana pale juu na kuhamia kwenye nafasi ya 10 hadi 14. Hili mwanao analijua kuliko mimi: Ohio State, chuo cha hapo hapo Columbus, mwaka huo walifungwa na Oregon kwa pointi moja, wakaja kufungwa nyumbani na mahasimu wao Michigan mwishoni mwa Novemba, kwa 13 dhidi ya 10, huzuni mji mzima. Enzi za waandishi kumtawaza bingwa, hadithi ingeishia hapo. Badala yake waliingia mchujo wakiwa wamepangwa wa nane, wakawapiga Tennessee, Oregon, Texas na Notre Dame, na Januari 2025 wakabeba ubingwa.

Kwa hiyo ukiifungua orodha Jumapili, tazama safu ya pointi kabla ya safu ya nafasi. Wa tano na wa sita wakitofautiana pointi 80, waandishi wameona pengo la kweli. Wakitofautiana pointi nne, hapo hakuna cha kugombania: mwandishi mmoja akimtoa mtu nafasi ya 12 akamweka ya 22, peke yake kashamnyang'anya pointi kumi. Kabla ya Oktoba mimi hata sisomi zaidi ya timu kumi za juu. Namba ndogo iliyo ndani ya mabano baada ya jina la timu ni idadi ya waandishi waliomwandika wa kwanza.

Na chini kabisa, baada ya ya 25, kuna mstari wa majina yaliyopata pointi chache bila kuingia. Humo siku moja unaweza kukuta chuo ambacho hata mwanao hakijui, tena cha daraja la pili. Zamani kura ya AP haikuwaruhusu. Septemba 1, 2007, Appalachian State, chuo cha milimani kule North Carolina, walikwenda Ann Arbor kucheza na Michigan, nambari tano nchini, mbele ya zaidi ya watu laki moja. Wakashinda 34 kwa 32, kwa kuuzuia mkwaju wa mwisho wa Michigan kwa mikono, saa ikiisha. Michigan wakatoka nambari tano mpaka nje ya orodha kabisa, na AP ikabadilisha kanuni yake ili timu za daraja lile ziweze kupigiwa kura. Mwulize mwanao habari ya siku hiyo. Kwa hapo Columbus, nasikia bado hawajamaliza kucheka.